Walezi wa Ndovu wa Voi

Ukitoka Voi mjini ukaingia Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki, hutakwenda mbali kabla ya kuuona Mlima Mazinga. Chini ya mlima huo kuna maboma ya ndovu yatima, na katika maboma hayo kuna wanaume wenye makoti ya kijani ambao kutwa kucha kazi yao ni moja: kulea. Nataka kuisifu kazi hiyo, na kuisifu kama mtu anavyosifu useremala au uhunzi, ufundi wenye kanuni zake na siri zake zinazopokezwa kutoka mkono hadi mkono. Wageni wengi hupita pale, wakapiga picha, wakaondoka wakisema wameona huruma. Huruma ipo kweli. Lakini huruma isiyo na ujuzi iliwahi kuua ndama wengi katika ardhi hii.

Waliuawa na maziwa. Ndama wa ndovu hubebwa tumboni miezi 22, na akishazaliwa hana chakula kingine cha maana ila maziwa kwa miaka miwili ya kwanza. David Sheldrick alikuwa msimamizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, mbuga iliyotangazwa mwaka 1948, na yatima wa mwanzo waliolelewa naye hapa Voi, kama Samson na Fatuma, na baadaye Eleanor, walikuwa wamekwisha kukua kiasi cha kujilia majani. Wachanga hasa ndio waliomshinda kila mtu. Walipewa maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo, na mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayapatani na tumbo la ndama wa ndovu. Aliharisha, akakaukiwa mwili, akalala, akafa. Daphne, mke wa David, alihangaika na vipimo na michanganyiko kwa zaidi ya miaka 20, akizika mmoja na kumpokea mwingine. Jibu lilipopatikana lilikuwa limejificha kwenye nazi. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaribiana na yale ya ndovu mama, na yakichanganywa na maziwa ya unga ya watoto wachanga, yalikaa tumboni mwa ndama, naye akanenepa. Mwenyeji wa Pwani anayekuna nazi kwa ajili ya wali na mchuzi wa samaki pengine hajaambiwa kwamba tui lake lina undugu na uhai wa ndovu wa Tsavo.

Ndama aliyethibitisha kwamba nazi inafaa aliitwa Aisha. Huyo huyo ndiye aliyeifundisha kazi hii kanuni yake ya pili, na aliilipia kwa roho yake. Daphne alimlea mwenyewe usiku na mchana kwa miezi, akampa chupa kwa mkono wake, akamfanya asimjue mlezi mwingine. Kisha ikambidi asafiri kwa muda mfupi kwenda kwenye arusi ya binti yake. Aisha akaikataa chupa. Daphne aliporudi alimkuta amedhoofu kiasi cha kutookolewa tena. Yatima yule alikuwa amefiwa na mama mara ya pili, na mwili wake ukakata tamaa.

Kuanzia hapo haikuruhusiwa tena ndama kuwa wa mtu mmoja. Katika kituo cha wachanga kilichoko Nairobi, ambako yatima hupokewa kwanza kabla ya kuletwa Voi, mlezi hulala chumba kimoja na ndama, akiamka kila baada ya saa tatu kumpa chupa, akimrudishia blanketi linapoanguka, kwa maana mchanga asiye na ubavu wa mama wa kujiegemeza hushikwa haraka na kichomi. Usiku unaofuata hulala na ndama mwingine, na ndama yule hupata mlezi mwingine. Zamu haikomi kuzunguka. Mimi naona hapa ndipo penye ugumu wa ufundi wenyewe. Kumpenda mtoto ni rahisi. Tunapolea majumbani mwetu tunajisifu kwamba mtoto hataki kubebwa na mwingine ila mimi, na tunayachukua machozi yake kuwa ushahidi wa mapenzi. Mlezi wa ndovu akisikia ndama anamlilia yeye peke yake hujua pana hatari. Kila siku anatoa mapenzi yote aliyo nayo, na kila siku anayagawa kwa wenzake ili yasibaki na jina la mtu mmoja.

Kuna hila nyingine ndogo ndogo ambazo mtu wa nje hazioni mpaka aonyeshwe. Blanketi huning'inizwa kwenye kamba, na chupa hupitishwa kando yake, ili ndama anyonye huku mkonga wake umegusa kitu kikubwa, chenye kukwaruza, kama tumbo la mama. Asipopata pa kuuweka mkonga, wengine hawanyonyi kabisa. Mlezi humpulizia pumzi ndama mgeni kwenye ncha ya mkonga ili amjue kwa harufu. Humwachia kidole akinyonye. Jua likiwa kali humfunika kwa mwavuli, kwa sababu porini angetembea kwenye kivuli cha mama yake na ngozi ya masikio yake bado ni laini, huungua upesi.

Kwamba kiumbe aliyefiwa hutafuta kwanza mwili wa kuegemea, sisi wa upande huu tulishaonyeshwa na kobe. Mwishoni mwa Desemba 2004, baada ya mafuriko kumsukuma kiboko mchanga kutoka Mto Sabaki hadi baharini na tsunami kumtenganisha kabisa na kundi lake, watu wa Malindi walimnasa kwa nyavu miambani, na akapelekwa Haller Park, Mombasa. Walimpa jina la Owen. Aliposhushwa kwenye boma lake alikimbilia moja kwa moja mgongoni kwa kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Mzee mwanzoni alimkwepa, baadaye wakalala pamoja, wakaogelea pamoja, wakala pamoja. Kobe hana maziwa wala mkono wa kukumbatia. Alichokuwa nacho ni mwili mkubwa uliotulia, na kwa siku zile za kwanza kiboko yule hakuhitaji zaidi. Walezi wa ndovu hujifunza kwa jasho kile ambacho Mzee alikuwa nacho bila kufundishwa: kukaa pale pale, kimya, bila haraka, mpaka hofu ya mwingine iishe.

Yatima wakishavuka hatari za uchanga huletwa Voi, au hupelekwa Ithumba upande wa kaskazini wa mbuga, au Umani kule Kibwezi. Voi ndiyo kongwe. Hapa ulezi hubadilika sura. Alfajiri maboma hufunguliwa, chupa hugawiwa, kisha ndovu hupanda kuelekea Mazinga na walezi wakiwafuata nyuma kwa miguu. Hawawachungi kama wanavyochungwa ng'ombe. Njia huchaguliwa na ndovu wenyewe, na mara nyingi na jike mmoja aliyekubaliwa na wenzake kuwa kiongozi. Mlezi anakuwapo tu, akitazama upepo, akisikiliza kama kuna nyati au simba kichakani. Kwa saa nyingi za joto la Tsavo kazi yake ni kutembea na kungoja.

Adhuhuri hushuka kwenye dimbwi. Wadogo huja mbio, masikio yamefunguka, vumbi jekundu likiruka nyuma yao, na kila mmoja anajua chupa yake iko mkono gani. Mtazame mlezi hapo. Hunyanyua chupa juu ya kichwa chake na kuiinamisha kidogo tu, maziwa yasije yakampalia ndama. Ndama hukunja mkonga, akauzungushia kifundo cha mkono wa mlezi, akafumba macho nusu, na povu jeupe likamtoka pembeni mwa mdomo. Chupa huisha kwa muda mfupi sana. Mlezi huichomoa kwa kuizungusha, asiivute, kwa sababu ndama akiing'ang'ania huweza kuiuma chuchu ikakatika, akaimeza. Kisha humpangusa kwa kiganja, akamsemesha jambo moja au mawili kwa sauti ya chini, akageukia mwingine. Baadaye wote huingia matopeni na kutoka wakiwa wekundu kama ardhi waliyosimama juu yake.

Huko porini ndovu wa mwituni huwajia, wakanusana, wakatembea pamoja nusu siku. Walezi hapo hujitenga, hukaa mbali chini ya mti. Miaka inavyopita, yatima huanza kuchelewa kurudi jioni, kisha hulala nje usiku mmoja, kisha wiki, mpaka siku moja haonekani tena bomani. Huenda ikachukua miaka kumi. Hakuna anayemfukuza wala kumfunga. Wakfu wa Wanyamapori wa Sheldrick, ulioanzishwa mwaka 1977 baada ya kifo cha David, umekwisha kulea zaidi ya ndovu 300 kwa njia hii, na mwisho unaotakiwa kwa kila mmoja wao ni kumsahau binadamu kiasi cha kuishi bila yeye. Wapo wasiosahau. Emily, aliyelelewa Voi mpaka akawa kiongozi wa yatima wenzake na hatimaye akarudi porini, alijifungua mtoto Desemba 2008, na mtoto huyo akapewa jina la Eve. Walezi waliomnywesha chupa akiwa mdogo walisimama karibu na mwanawe, na Emily hakuwazuia. Kwa ndovu jike mwenye kichanga, sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Lakini siwezi kuandika sifa hizi nikiwa Taita Taveta nikanyamaza juu ya shamba la mahindi. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Mkulima wa Sagalla au Mwatate akiamka akakuta ndovu wamelimaliza shamba usiku mmoja, halipwi na picha ya ndama kwenye dimbwi. Hasira yake ni ya haki. Baadhi ya yatima hutokana na mapigano hayo hayo ya shamba, wengine na ukame, kutumbukia visimani na ujangili, ule uliowapunguza ndovu wa Tsavo wakawa chini ya 6,000 mwaka 1988, kabla hawajaongezeka hadi karibu 15,000 katika hesabu ya mwaka 2021. Ndiyo maana nawaheshimu pia watu wa Sagalla waliokubali kutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba yao, ndovu wakawaogopa nyuki, na mkulima akapata asali. Ulezi wa ndovu hautadumu kama jirani yake anayelima hapati usingizi. Na katika hadithi zinazosafiri kutoka hapa kwenda duniani, jina la ndama hufika mbali sana, la mlezi hufika karibu. Ningependa vijana wa Voi wayajue majina ya walezi kama wanavyoyajua ya wachezaji mpira, na wanaotaka kuwafuata wahesabiwe kuwa wanajifunza taaluma.

Nawe msomaji, kama unaishi huku, au unachunga, au unapita barabara kuu ya Mombasa, siku ukimkuta ndama wa ndovu peke yake, usimkimbilie. Huenda mama yake yuko nyuma ya kichaka, na mama huyo hatakuuliza nia yako. Kaa mbali, tazama, zuia watoto na mbwa, na upeleke habari haraka kwa askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au kwa chifu. Kama yuko ndani ya kisima, usijaribu kumvuta kwa kamba shingoni. Na hata akilia kwa njaa mbele yako, usimpe maziwa ya ng'ombe. Wasubiri walezi.