Maandiko ya Nyangwe: namna yalivyogeuka

Kila kitabu kilichopigwa chapa kina wazazi wake: ndizo karatasi za kwanza, zisizoonyeshwa watu. Tutazame zile zilizoandikwa hapa kwetu, kando ya Lualaba.

David Livingstone, aliyesaidiwa na Chama cha Jiografia cha London, alifika Nyangwe mwezi wa tatu 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Basi akaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akivusha mistari yake juu ya mistari ya chapa, kwa wino wa mbegu za mti. Tarehe 15 Julai, kwa hesabu yake, watu wenye bunduki waliwaua watu sokoni, wengi wao wanawake. Wengine wakafa maji mtoni.

Halafu, mbele ya Stanley kurudi Ulaya 1872, Livingstone alinakili habari katika kitabu kikubwa. Nyuma ya kifo chake, Horace Waller akaitengeneza na kuipiga chapa London, mwaka 1874. Habari ni moja, lakini imeandikwa mara tatu.

Tunaionaje? Nakala inasomeka vizuri kuliko karatasi za kwanza: maneno yamepangwa, hasira imetulia. Wala hatukatai kwamba ilifaa. Barua zake juu ya mauaji hayo ziliwapa nguvu waliopinga biashara ya watumwa, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873.

Lakini wataalamu walipiga picha za gazeti lile kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 wakatoa maandiko yaliyokuwa yamefifia. Waliona kwamba maneno makali juu ya watu wa msafara wake mwenyewe yalilainishwa katika nakala. Tena walibaki na shaka: labda wengine kati ya watu hao walishiriki katika mauaji. Msomaji wa 1874 hakuweza kuuliza swali hilo, kwani hakupewa njia ya kuliuliza.

Hapo ndipo lawama yetu. Kusahihisha maandiko si kosa. Kuficha kilichosahihishwa ndiyo hasara. Hata hivyo, karatasi zote tatu zina upungufu mmoja: waliokufa, 330 mpaka 400 kwa makadirio ya Waarabu wenyewe, wamebaki hesabu tu. Majina ya wale wanawake hayamo.

Basi sisi tunaoandika vitabu vya misioni na vya vijiji, tunakili kwa usafi, lakini ukurasa wa kwanza tusiutupe. Na majina tuyaandike.