Mkono Ujulikanao

Pepo za kusi zilipotengemaa baada ya mvua za masika, watoto wa mtaa niliokulia mjini Tanga walikuwa wakirusha tiara kila alasiri, na jambo moja lililonishangaza tangu siku zile, nisilipatie maelezo mpaka nilipokuwa mtu mzima, ni kwamba tulipoinua macho tukaziona tiara kumi au kumi na tano zikielea juu ya minazi, zote zimetengenezwa kwa karatasi zile zile za shashi, kwa njiti zile zile za chelewa, kwa gundi ile ile ya uji wa unga wa ngano, na mrushaji mwenyewe yuko nyuma ya nyumba haonekani, tuliweza kutaja bila kusita hii ni ya nani na ile ni ya nani. Hapakuwa na jina lililoandikwa. Mmoja alizoea mkia mrefu wenye vifundo vya matambara vilivyokaribiana. Mwingine hakustahimili rangi mbili kukutana pasipo kupitisha ukanda mweupe baina yake. Wa tatu, ambaye baadaye alikuwa seremala, pembe za tiara yake zilikuwa sawa kama zilizopimwa kwa skwea. Nina yakini kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa chini akaazimia kuwa na namna yake ya kutengeneza tiara.

Sanaa ninayokusudia kuisifu ni ndugu wa tiara hizo. Ni kazi ya karatasi ya nyumbani, ya mezani, isiyotaka karakana wala mtaji: kukata, kukunja na kubandika, kutengeneza kadi za Idi na za harusi kwa mkono, na zaidi ya hayo yote kutunga kitabu cha kumbukumbu, ambamo picha, tiketi, barua, vipande vya nguo na maua makavu hupangwa katika kurasa ili yaliyopita yapate mahali pa kukaa. Vyombo vyake ni vichache, na hata majina yake yalitufikia kwa jahazi, karatasi na mkasi kwa lugha ya Waarabu, gundi kwa lugha za Bara Hindi, nasi tukayapokea kama tupokeavyo wageni wote, mpaka leo hakuna anayeyaona kuwa ni wageni. Swali lake kubwa ni lile lile la tiara: kwa karatasi ambayo kila mtu anayo, na kwa mkasi ambao kila nyumba inao, mtu hufikaje mahali ambapo kazi yake hujulikana kuwa ni yake?

Mwenye kuanza, aghalabu, hudhani kwamba mtindo hununuliwa. Huingia madukani akatoka na maua yaliyokwisha kuchapwa, vipepeo vyenye gundi mgongoni, mipaka ya dhahabu na maneno ya mapenzi yaliyokatwa tayari, na akirejea nyumbani humaliza kitabu kizima kwa siku mbili. Tamaa ya wepesi si ya leo: mwaka 1873 Mark Twain, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alipata hataza ya kitabu cha mabandiko ambacho kurasa zake zilikwisha kupakwa gundi kiwandani, ikawa kazi ya mwenye kitabu ni kulowesha na kubandika tu. Silaumu wepesi wa gundi, kwani gundi ni mtumishi. Lakini mtu anaponunua pia ua, na rangi ya ua, na mahali ua litakapokaa, amebakiza nini cha kufanya kwa mkono wake? Kitabu chake hufanana na cha jirani yake, na picha za mtoto wake, ambaye hana mfano duniani, hukaa ndani ya fremu iliyochapwa kwa ajili ya mtoto yeyote.

Katika yote niliyosoma juu ya kazi hii sijapata mwalimu mkubwa kuliko Mary Delany wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1700. Akiwa na miaka 17 jamaa zake walimwoza mtu aliyekaribia miaka 60. Akafiwa naye, akakaa ujane miaka mingi, kisha mwaka 1743 akaolewa kwa hiari yake na kasisi Patrick Delany, wakaishi Ireland kwa masikilizano mpaka kasisi huyo alipofariki mwaka 1768. Umri wote huo mikono yake haikupumzika. Alitarizi, alichora, alipamba kuta kwa makombe ya baharini, alitunza bustani, alikata vivuli vya watu kwa karatasi. Lakini kazi ambayo jina lake linakumbukwa kwayo hakuigusa mpaka mwaka 1772, naye ni kizee wa miaka 72, mgeni wa kukaa katika nyumba ya Bulstrode kwa rafiki yake Margaret Bentinck, mjane mtukufu wa ukoo wa Portland. Husimuliwa kwamba alikuwa ameketi, mezani pana ua jekundu la jeraniamu na pembeni kipande cha karatasi nyekundu, akaona kwamba rangi zake zimelingana. Akatwaa mkasi, akakata petali moja baada ya nyingine, akazipanga. Rafiki yake alipoingia alidhani ni petali za ua lenyewe.

Kuanzia hapo alifanya kazi miaka kumi. Aliweka ua hai mbele yake, na chini yake ukurasa aliokwisha kuupaka weusi mzito, kisha akakata moja kwa moja, petali, majani, vikonyo na nywele za majani, vipande vingine vyembamba kama uzi, akabandika kivuli juu ya mwanga na mwanga juu ya kivuli mpaka karatasi bapa ikajaa mwili. Ua moja tu, la jamaa ya pasheni, lina vipande zaidi ya 230. Nyuma ya kila ukurasa aliandika jina la mmea, siku na mahali, kwa hiyo maua hayo ni elimu ya mimea na papo hapo ni daftari la maisha ya mwanamke mmoja: hapa alikuwa kwa rafiki, hapa aliletewa mche, hapa alikuwa Bulstrode tena. Alikuwa ametia nia ya kufikia maua 1,000. Mwaka 1782 nuru ya macho ikamwishia, akasimama kwenye 985, na majuzuu kumi ya kazi hiyo yamehifadhiwa katika British Museum, London.

Watu hupenda kusimulia habari za petali nyekundu, kana kwamba mtindo ulimwangukia bibi yule kama embe bivu, nami naikubali hadithi kwa uzuri wake. Ila nadhani huonyesha mlango tu, haionyeshi nyumba. Tazameni weusi ule. Wachoraji wa mimea wa zama zake walichora juu ya karatasi nyeupe. Yeye alichagua usiku, na maua yake yakatokeza kama yaliyomulikwa kwa taa. Aliutoa wapi? Miaka mingi nyuma, alipokuwa mwanamke wa makamo, alibuni vazi la kuvaliwa barazani kwa mfalme, la atlasi nyeusi, lililotariziwa maua ya kila namna. Ukurasa mweusi wa uzeeni ulikuwa ndani ya vazi lile. Mkono uliochagua vivuli vya karatasi ulikuwa umechagua vivuli vya nyuzi miaka na miaka. Jicho lililojua jani linapojikunja lilijua kwa sababu lilipalilia. Alipoketi mbele ya jeraniamu hakuwa akitafuta mtindo. Alikuwa akikusanya, bila kujua, malimbikizo ya miaka 50.

Jambo la namna hii lilimpata pia Henri Matisse wa Ufaransa, ambaye baada ya kupasuliwa mwaka 1941 hakuweza tena kusimama saa nyingi mbele ya turubai, akashika mkasi akaikata karatasi iliyopakwa rangi. Na hakuna anayeitazama mikato ile akasahau kwamba ni yule yule mchoraji.

Lakini nisizungumze juu ya wakubwa tu, maana kazi hii hufundishwa kwanza na karatasi yenyewe, nayo humfundisha yeyote mwenye subira. Albamu yangu ya kwanza niliinunua, ya aina ile ya kurasa zenye mistari ya gundi na kifuniko cha nailoni, nikapanga humo picha za arusi ya wazazi wangu kwa furaha kubwa. Baada ya miaka kadhaa ya joto na unyevu wa pwani niliifungua nikakuta mistari ya manjano imepita juu ya nyuso, na picha mbili zimeshikamana na kurasa hata sikuweza kuzibandua bila kuzirarua. Huzuni ya siku ile ndiyo iliyonipeleka kwenye karatasi ya kaki, uzi na sindano, na gundi ya kanji ninayoipika mwenyewe: kijiko cha unga, maji baridi kwanza ili usifanye madonge, moto mdogo, kukoroga mpaka iwe na mng'ao, kisha kuichuja kwenye kitambaa. Picha zenyewe siku hizi sizipaki gundi hata kidogo; nazishika pembe nne kwa vijifuko vya karatasi, ili atakayezitaka kesho aweze kuzitoa salama.

Nikajifunza pia kwamba karatasi ya kiwandani ina mkondo, kama ubao ulivyo na nyuzi zake. Uikunje kwa kuufuata mkondo huo, itakubali kwa upole. Uikunje kwa kuukata, itakaidi, na mkunjo wake utameguka. Ikilowa gundi hutanuka kwa kukata mkondo, na ukibandika vipande viwili vyenye mikondo inayopingana, ukurasa utakapokauka utapinda kama kigae. Karatasi itengenezwayo kwa mkono ina tabia tofauti. Huwa nachana madaftari ya zamani, nayaloweka usiku kucha, nayatwanga kinuni mpaka yawe rojo, naimimina katika karai la maji, kisha natumbukiza fremu yenye wavu wa dirisha na kuiinua sawasawa, nikiitikisa kidogo mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili nyuzi zilaliane pande zote. Pana dakika moja, maji yanapochuruzika, ambapo wavu hunyamaza na ile rojo inakuwa kitu kingine, nami sijaichoka dakika hiyo mpaka leo. Naipindua juu ya shuka, naikandamiza, naianika kivulini. Nikitia maganda ya vitunguu hutoka na madoa ya rangi ya asali. Karatasi za mwanzo zilikuwa nene mno na kingo zake hazikunyooka, nikawa nazikata kwa rula. Mwaka wa pili nikaacha kuzikata, kwa sababu niligundua kwamba kingo zile ndizo nilizokuwa nikizipenda. Sikuchagua. Niliacha tu kuzuia.

Wapo wanaohofu kwamba kanuni huua mtindo, na hao ningewapeleka Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambako karne ya 18 na ya 19 walikuwako wanakili wa Kurani waliosifika pwani nzima. Hakuna kazi yenye kanuni kali kuliko hiyo: neno halipunguzwi, nukta haihamishwi. Na juu ya hayo misahafu ya Siyu ina sura yake, kwa nakshi za pambizoni na kwa wino mweusi na mwekundu uliopangwa kwa mizani yao wenyewe. Mwanakili asiye na ruhusa ya kugusa herufi moja ya matini alibakiwa na pambizo, na pambizo ikamtosha.

Pambizo ndiyo iliyonifahamisha mkono wa shangazi yangu. Alikuwa na kitabu chake cha kumbukumbu, daftari kubwa la hesabu alilolifunika kwa kipande cha kanga, na ndani yake mlikuwa na tiketi za meli ya Pemba, kadi za mwaliko, bahasha zenye stempu, na jani la mwarobaini lililokauka likawa jembamba kama shashi. Kurasa zake zote alizijaza kuanzia juu, pembe ya kulia, akateremka kwa mshazari, na chini kushoto akaacha weupe mkubwa. Nilipomwuliza sababu alitazama kitabu kana kwamba anakiona mara ya kwanza, akasema, "Mwanangu, mimi sijui, nikiweka kitu pale naona kama nimemziba mtu mlango."

Alipofariki nilikuta ukurasa wa mwisho haujamalizwa. Vitu vimelazwa juu yake bila gundi: picha ya wasichana watatu mbele ya shule, risiti ya kitambaa, ncha ya utepe wa kijani. Nilipika kanji, nikaleta brashi, nikakusudia kumwandamia kazi yake. Nililiacha pengo chini kushoto kama yeye. Nikaanza juu kulia kama yeye. Nikapima mshazari kwa macho. Ukurasa ukawa wangu. Nikavitoa nikavipanga upya, ukawa wangu tena, kwa kuwa picha niliiegemeza ukingoni kama niegemezavyo siku zote, na utepe niliunyoosha, naye asingalinyoosha utepe. Kanji ikapoa. Nikavitia vitu vile katika bahasha ya kaki, nikaishonea nyuma ya daftari kwa uzi mweupe, nikauacha ukurasa kama ulivyo, na alama hafifu ya jani palipokuwa pamelala jani.