Kimbunga cha Haji Gora, chini ya Mlima Meru

Mwanafunzi wa kidato cha tano aishiye Sombetini, mjini Arusha, huuona Mlima Meru kila mbingu inapotakata. Bahari iko mbali naye, wala mnazi hauoti penye baridi ile. Hata hivyo, kwa miaka mingi diwani ya Kimbunga ya marehemu Haji Gora Haji (TUKI, 1994) ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili vya kidato cha tano na sita, pamoja na Fungate ya Uhuru ya Mohamed Seif Khatib. Visiwani hilo ni fahari. Lakini huko bara ilisomwaje?

Ilisomwa kwa haraka ya mtihani. Swali hutaka hoja tatu kutoka kila diwani, nazo hoja zimekwisha kupikwa: rushwa, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, ukoloni mamboleo. Ni masuala ya dunia nzima, hapana ubishi. Ila shairi hugeuzwa gunia la kutilia dhamira, na kinachomwagika ni ushairi wenyewe.

Litazamwe shairi lililoipa diwani jina. Kimbunga kinaupiga mji wa Siyu. Mibuyu inang'oka, minazi inanusurika. Msomaji wa miongozo huandika "mabadiliko ya kisiasa" akaenda zake. Mtu wa pwani husita hapo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliilaza minazi ya Unguja pamoja na mikarafuu, na habari zake wazee walizirithishana. Haji Gora, mzaliwa wa Tumbatu aliyepata kuwa mvuvi na baharia, hakuhitaji kufundishwa tabia ya upepo. Alipoipindua aliipindua kwa kusudi: ni nguvu gani hii impigayo mkubwa ikampita mnyonge? Ni haki, au kiroja tu? Shairi halijibu. Mwongozo hujibu, tena kwa nukta tatu.

Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein husalimika zaidi darasani. Mjane anayevutana na ukoo juu ya maziko ya mumewe hahitaji bahari ili aeleweke. Kimbunga kinahitaji mwalimu aanzie kwenye mti. Naye hana haja ya kumpeleka mtoto Siyu. Amwambie awaze tufani iliyong'oa miti mikongwe ya msitu wa Meru, ikaiacha migomba ya mteremkoni imesimama na mikungu yake. Mtoto aliyekwisha kuona mgomba ukilazwa na upepo mdogo tu ataguna, kisha atauliza swali lake mwenyewe.