Walipima Namba, Simu Wakaiacha

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Tanzania nzima, Unguja na Pemba zikiwemo, na mpaka leo ukikaa na mafundi simu wa Mpendae, Unguja, mjadala wake haujesha. Tangazo lilitoka mapema, na *#06# ya kuonyesha namba ya kifaa na 15090 ya kuihakiki zikajulikana hadi kwa bibi zetu. Hilo walilifanya vizuri. Walikosea kwenye kipimo chenyewe.

Walichagua IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa. Ina tarakimu 15: nane za mwanzo zinataja aina ya simu, sita ni za simu yenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki, ambayo mwanafunzi yeyote anaikokotoa kwa kanuni ya Luhn. Rejista ya namba hizo ikiulizwa hujibu kama namba inatambulika, basi. Imo kwenye bodi gani, haijui. Kwa hiyo muuza feki alihitaji kunakili IMEI ya simu halali tu, akaiandika kwenye simu yake, akapita. Juni 2020 polisi wa Meerut, India, walikuta simu zaidi ya 13,500 zenye IMEI moja. Na simu halisi iliyoflashiwa vibaya hupoteza IMEI yake, ikahesabiwa feki ilhali kila kipande ndani yake ni cha kiwandani. Kipimo kinachompitisha mwizi na kumkamata mwenye mali hakikustahili kabisa kupewa mamlaka ya kuzima simu ya mtu.

Kenya walitutangulia. Mwisho wa Septemba 2012 walizima takriban simu milioni 1.9, kwa kipimo hichohicho cha IMEI. Tulipata karibu miaka minne ya kuwatazama, tukaishia kuwaiga.

Njia ya kupima kifaa chenyewe ilikuwepo. Mwaka huohuo wa 2016 SAE, shirika la viwango vya uhandisi, ilitoa AS6171, kiwango cha kubaini vipuri feki vya elektroniki: chipu inatazamwa kwa darubini, maandishi yanasuguliwa kwa kiyeyusho kuona kama uso umepakwa upya, eksirei inaonyesha nyaya za ndani, kipimo cha XRF kinasoma metali za miguu, kisha kifuniko kinaondolewa na silikoni inatazamwa waziwazi. Mafundi redio wa zamani hawakungoja kiwango hicho. Wakiitilia shaka transista ya 2N3055 ya amplifaya, walikata kofia yake ya chuma wakatazama silikoni. Ikiwa ndogo mno kwa mzigo ulioandikwa, mfuko mzima ulirudi dukani. Mimi nawaamini wale kuliko rejista yoyote.

Na feki si simu nzima tu: betri haina IMEI. Chaja haina, skrini haina, IC ya chaji haina. Vitu hivi ndivyo vinavyopita kwenye meza za Mpendae kila siku, na IC feki ikiungua baada ya wiki anayelaumiwa ni fundi, kwa kuwa ndiye mteja anayemjua. ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, haihitaji mtambo wa eksirei kuanzia hapo. Katika kila shehena ya betri zitolewe chache bila kuchagua, zichajiwe zijae, zitolewe umeme kwa mkondo wa ampea 1. Iliyoandikwa 5,000 mAh inatakiwa ifike karibu saa 5. Zikizimika kwenye saa ya pili, shehena nzima irudi ilikotoka, kwa gharama ya aliyeileta.