Wageni Wanane kwa Saa Moja: Ziara ya Gorila Ilivyopangwa Rwanda

Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ni ndogo: takriban kilomita za mraba 160, zenye vilele vitano vya safu ya milima ya Virunga, kikiwemo Karisimbi chenye mita 4,507. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hekta zipatazo 10,000 za msitu huo zilimegwa ili kulima pareto, na muongo uliofuata ukaja mpango wa kumega sehemu nyingine iwe malisho ya ng'ombe. Utalii wa gorila ulipoanzishwa mwaka 1979 ulikusudiwa kuonyesha kwamba msitu ukiachwa umesimama una faida. Tangu hapo husemwa kuwa dola za watalii ndizo zilizowaokoa gorila. Kwangu dola hazitoshi kueleza yaliyotokea. Ziara yenyewe ilibanwa tangu mwanzo, na mbano huo ndio uliofanya kazi.

Familia ya gorila huzoeshwa watu kwa miaka miwili au zaidi, wafuatiliaji wakiifikia kila siku mpaka iache kukimbia au kushambulia. Ikishazoea, hupokea kundi moja tu la wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja. Kikomo hicho kina sababu: gorila huambukizwa maradhi ya kupumua ya binadamu, na mafua ya kawaida yanaweza kuwaua. Lakini faida kubwa zaidi iko kwa wafuatiliaji, ambao hutangulia asubuhi kuanzia pale familia ilipolala. Kwa kuwa wapo kila siku, hutegua mitego ya majangili, na aliyejeruhiwa huonekana mapema, daktari wa wanyama akaitwa. Uchambuzi wa takwimu za mwaka 1967 hadi 2008, uliochapishwa 2011, ulionyesha kuwa gorila waliozoeshwa waliongezeka kwa asilimia 4.1 kwa mwaka, huku wasiozoeshwa wakipungua kwa asilimia 0.7. Milima ni ileile; tofauti kubwa ni ulinzi wa kila siku. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu gorila 604 katika Virunga yote, ilhali mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa kama 250.

Wapo wanaolalamika kwamba kibali, kilichopanda mwaka 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500, ni cha matajiri. Ni kweli. Ila idadi ya wageni ikishafungwa, mapato hukua kwa bei tu, na kuongeza watu ni kuongeza maradhi. Mwaka huohuo mgawo wa vijiji jirani ulipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Bado hautoshi: shule na maji hunufaisha kijiji kizima, lakini nyati akivuka ukuta wa mawe wa mpaka wa hifadhi na kuharibu viazi, hasara ni ya kaya moja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba gorila aliyezoea watu ameondolewa woga uliomkinga. Hilo halina jibu la kulimaliza. Utafiti wa Bwindi, Uganda, ulikuta kanuni ya wakati huo, ya wageni kukaa mita saba kutoka kwa gorila, ikivunjwa katika ziara nyingi mno, mara kwa wageni kusogea, mara kwa gorila wenyewe. Mwongozaji hawezi kumzuia gorila, lakini mgeni anaweza kujizuia. Basi ukienda, vaa barakoa, rudi nyuma unapoambiwa, na ukiwa na mafua sema mapema, ubaki chini hata kama umeshalipa.