Utata wa "Kuzaliwa Mara ya Pili": Nikodemo Alikosea Wapi?

Ninapofundisha utata wa maneno kwa kisa cha Nikodemo, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu humcheka. Mwalimu mzima wa Israeli anauliza iwapo mzee aweza kurudi tumboni mwa mamaye! Wakitakiwa kueleza sifa zake, hujibu upesi: mjinga, tena mhusika bapa.

Naona wanamwonea. Neno la Kigiriki alilotumia Yohana katika sura ya 3, anothen, lina maana mbili: 'tena' na 'kutoka juu'. Mazungumzo yote yamejengwa juu ya utata huo. Nikodemo anashika maana moja, Yesu anamvuta kwenye nyingine. Biblia ya Union ya 1952 ilichagua 'mara ya pili', na utata ukapotea. Ajabu ni kwamba neno lilo hilo katika aya ya 31 limefasiriwa 'kutoka juu'.

Hasara si ndogo. 'Mara ya pili' huhesabu. 'Kutoka juu' hutaja chimbuko. Ndiyo maana mwanafunzi huandika kwamba mhusika aliyeacha pombe 'amezaliwa mara ya pili', kana kwamba alijizaa. Kitenzi chenyewe (nasi ni walimu wa sarufi!) kiko katika kauli ya kutendwa.

Nikodemo hurudi mara mbili: katika sura ya 7 akimtetea Yesu mbele ya Mafarisayo wenzake, na katika sura ya 19 akileta manemane na udi mazikoni. Iwapo alizaliwa upya, Yohana hasemi. Siku hizi huwapa wanafunzi swali hilo kwanza, kabla sijaruhusu yeyote kutamka 'bapa'.