Pongezi kwa Mpiga Besi

Katika "Sonny's Blues", hadithi fupi ya James Baldwin iliyotoka mwaka 1957, mwalimu wa aljebra wa Harlem anakwenda klabuni kumsikiliza mdogo wake, mpiga piano aliyewahi kufungwa kwa heroini. Wasomaji hukumbuka ndugu hao wawili. Mimi heshima yangu naipeleka kwa mzee wa besi, kiongozi wa bendi.

Kazi yake ni ngumu. Besi ya kusimama humzidi mtu urefu. Nyuzi zake nene huvutwa kwa nyama ya vidole, malengelenge yakapasuka kabla sugu haijaota. Shingo yake haina vituo kama gitaa. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti imekwenda upogo. Na mapigo hayana likizo: yeye na mpiga ngoma wakiyumba, bendi nzima imeyumba. Makofi, hata hivyo, huenda kwa piano na tarumbeta.

Usiku ule mdogo mtu hajagusa piano zaidi ya mwaka, anaanza kwa kusitasita. Mzee hamkemei wala hamwachi. Anamsikiliza huku anapiga, anambana, anamlegezea, kisha anarudi nyuma makusudi ili kijana aseme yake. Kaka, aliyeusiwa na mama yao asimwache mdogo wake na ambaye kwa miaka mingi maneno yake yaligonga ukuta, hapo ndipo anapomsikia.

Anawaagizia wanamuziki vinywaji. Ni haki yao.